Jina la mchumba wa zamani limeganda kwenye kompyuta yangu

*Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Korogwe, nimeolewa mwaka jana. Kompyuta ninayotumia niliinunua kwa pesa yangu, lakini aliyeiwasha mara ya kwanza na kuniandalia ni kijana niliyekuwa naye uchumba wakati huo. Basi kila nikiwasha linatokea jina lake, na nikifungua Settings naona chini ya jina kuna barua pepe yake. Juzi niliiunganisha na projekta kidato cha tatu, jina likajaa ukutani, watoto wakaanza kulisoma kwa sauti. Mume wangu hasemi kitu, ila akinikuta nawasha ananuna. Fundi wa steshenari anasema dawa ni kupiga Windows upya kwa shilingi 40,000, na kila kitu kitafutika. Humo nina mitihani ya mock, maandalio ya somo na picha zote za harusi. Mimi naingia kwa PIN tu, nenosiri lake silijui na sitaki kumpigia simu. Nifanyeje?*

*Mwalimu, Korogwe*

Mwalimu, hizo 40,000 kaa nazo. Kuondoa jina hakuhitaji kupiga Windows upya. Fundi anayekwambia hivyo ama hajui kazi, ama amekuona wewe ndiye hujui.

Lakini barua yako niliisoma mara ya pili, nikakwama pale uliposema kuna barua pepe chini ya jina. Umepapita haraka. Wewe linakukera jina. Mimi inanitia hofu hiyo barua pepe.

Windows 11 ina akaunti za aina mbili. Ya kwanza inaishi ndani ya kompyuta yenyewe, na ukiingia Settings, kisha Accounts, kisha Your info, utaona imeandikwa Local account. Hiyo jina lake hubadilishwa kwa dakika mbili: unafungua Control Panel, unaingia User Accounts, unabofya Change your account name, unaandika jina jipya, unatoka na kuingia tena. Yako ingekuwa hivyo, ningeishia hapa na kukutakia mitihani myema.

Yako ni ya aina ya pili, akaunti ya Microsoft. Jina unaloliona linatoka mtandaoni, kwenye akaunti ya huyo kijana, na wa kulibadilisha ni yeye mwenyewe kwa nenosiri lake. Hata akikubali, atakuwa anabadili jina lake yeye. Umefanya vyema kutompigia. Hakuna unachokihitaji kutoka kwake.

Sasa nikwambie kinachonitia hofu. Angalia kulia chini ya skrini, jirani na saa, kuna alama ya wingu. Hiyo ni OneDrive. Kompyuta ikiandaliwa kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi OneDrive huchukua folda za Desktop, Documents na Pictures na kuzipeleka kwenye hifadhi ya mwenye akaunti. Ukibofya hilo wingu ukakuta limeingia kwa barua pepe yake, basi mitihani yako ya mock na picha zako za harusi zimekuwa zikipanda kwenye hifadhi yake, naye anaweza kuzifungua kwa simu akiwa popote. PIN unayoitumia ni ya kompyuta hiyo moja tu. Nenosiri alilonalo linafungua kila mahali.

Simtuhumu. Wengi wanaowaandalia wenzao kompyuta huweka barua pepe zao ili kazi iishe, na huenda hata hajui kuna vitu vyako kwake. Ila wewe ni mwalimu. Mtihani ambao haujafanywa haukai kwenye hifadhi ya mtu wa nje, awe mwema kiasi gani.

Kwa hiyo tuache kubadili jina. Utahama akaunti.

Tafuta eksitenali, au flashi yenye nafasi ya kutosha, na uandae bando, maana picha za harusi hazina huruma. Ukiwa ndani ya akaunti ya zamani, fungua OneDrive na folda zako. Faili lenye alama ya wingu haliko kwenye kompyuta, liko mtandaoni tu. Ukilinakili hivyo hivyo bila intaneti utaambulia patupu. Libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Always keep on this device, usubiri mpaka itokee tiki ya kijani. Ndipo unakili kila kilicho chako kwenye eksitenali. Nakili, usikate na kubandika. Kisha ichomoe, iweke kabatini.

Halafu rudi Settings, Accounts, Other users, bofya Add account. Windows itakung'ang'aniza uweke barua pepe. Usiiwekee. Chagua sentensi inayosema huna taarifa za kuingilia za mtu huyo, na ukurasa unaofuata uchague kuongeza mtumiaji asiye na akaunti ya Microsoft. Nina sababu ya kukupeleka njia hii ndefu. Ukianza na barua pepe, Windows huchukua herufi 5 za mwanzo za barua pepe hiyo na kuzifanya jina la folda yako. Ukianza hivi, folda inachukua jina uliloliandika wewe.

Na hilo jina lifikirie. Linaloonekana kwenye skrini utalibadilisha siku yoyote ukitaka, lakini la folda, lile linalokaa ndani ya C:\Users, halifuati. Kuna vijana watakaokwambia linabadilishwa kwa kuingia kwenye rejista ya Windows. Kweli linabadilishwa, na kweli programu kibao huendelea kuitafuta folda kwa anwani ya zamani. Ukikosea kidogo unaingizwa kwenye akaunti ya muda yenye skrini tupu, unadhani umepoteza kila kitu. Usijaribu kwenye kompyuta ya kazi. Weka jina lako la kwanza, fupi, bila nafasi katikati. La mume wako usiliweke, hata kama unaona ndiyo njia ya kumtuliza. Kompyuta umenunua wewe, jina liwe lako.

Akaunti mpya ikishatokea kwenye orodha, bofya Change account type uifanye Administrator. Bila hivyo utabaki mgeni kwenye kompyuta yako. Toka, ingia kwa akaunti mpya, chomeka eksitenali, rudisha mafaili yako. Fungua machache uone yanasomeka, hasa yale mazito. Chrome itakuja tupu. Ukiingia kwa Gmail uliyokuwa ukiitumia humo, alamisho na manenosiri yaliyohifadhiwa huko yatarudi. Kama Word ilikuwa ya leseni yake itakugomea, na hapo ama ulipie yako ama uweke LibreOffice, ambayo ni bure na inafungua mafaili ya Word.

Yapo mambo mawili watu huyasahau. Kwenye Settings ingia Privacy & security, tazama Find my device; ikiwa imewashwa, mwenye ile akaunti anaweza kuona kompyuta yako iko wapi. Izime. Hapo hapo tazama Device encryption. Kompyuta nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe kwa usimbaji, na ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 hutunzwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyoiandaa. Siku kompyuta yako ikiuomba, ufunguo huo uko kwa yule kijana, nawe utalazimika kupiga ile simu usiyoitaka. Uzime usimbaji huo kompyuta ikiwa kwenye umeme, maana unaweza kuchukua muda mrefu. Baadaye ukitengeneza akaunti ya Microsoft ya kwako, uwashe tena, ufunguo uje kwako.

Mafaili yako yakishakuwa salama mahali pawili, rudi mara moja kwenye akaunti ya zamani ufute vilivyo vyako ndani ya OneDrive yake. Vitakaa kwenye kapu la taka la huko hadi siku 30. Kama kuna alichokwisha kukiona, amekiona, hilo huwezi kulirudisha. Na ukikutana na vitu vyake humo, picha, vyeti, chochote, usifungue wala usifute. Wewe hutaki avione vyako. Vyake navyo ni vyake.

Mume wako mwambie. Usingoje aulize. Mweleze kwamba kuna akaunti ya mtu mwingine, hukujua maana yake, na unaiondoa wikiendi hii. Ukiweza, mkae naye mezani mkinakili hizo picha za harusi. Anayenuna kila kompyuta ikiwashwa ana swali moyoni, na jibu la kiufundi peke yake halitamtosha. Lakini asikulazimishe umpe nenosiri la akaunti mpya kama fidia. Mitihani ya shule si mali ya nyumba.

Akaunti ya zamani usiifute siku hiyo hiyo. Iache mpaka shule zifungwe, maana kila siku utakumbuka kitu ulichokisahau kule: fonti, orodha ya alama, barua ya mkuu wa shule. Ukiridhika, ndipo urudi Other users, ubofye Remove, kisha Delete account and data. Kitufe hicho kinaondoa mafaili yote ya akaunti hiyo kwenye kompyuta, na ndicho kitakachoondoa jina lake kwenye skrini moja kwa moja.

Kuhama kwenyewe, fanya Jumamosi hii. Usiandike swali jingine la mock ndani ya akaunti ya mtu.