Je, Pomboo Hutabasamu?

Mwanafunzi wa sekondari huko Kituntu, wilayani Karagwe, yuko umbali wa kilomita 1,000 hivi kutoka Bahari ya Hindi kwa mstari ulionyooka. Habari za kiboko wa Mto Kagera amezisikia tangu utoto. Pomboo kwake ni neno la kamusi na picha ya kitabuni. Hata hivyo, yamkini picha hiyo amekwisha kuiona zaidi ya mara moja: mnyama laini wa rangi ya kijivu, nusu ya mwili i nje ya maji, mdomo umekaa kana kwamba anacheka, na ubavuni pake msafiri aliyevaa nguo za kuogea akimkumbatia. Mkutano wa namna hiyo huuzwa. Katika nchi nyingi yamejengwa mabwawa ambamo mtu aliye likizoni hulipa ada ili aogelee na pomboo kwa muda mfupi, amshike pezi la mgongoni, apigwe picha, kisha aende zake. Yafaa kuuliza ni kitu gani kiwavutacho watu kiasi hicho, na kama jambo lenyewe ni la haki kwa mnyama.

Si vema kuwacheka wanaolipa. Wengi wao hawana ukatili wowote moyoni. Wanavutwa na shauku ileile imfanyayo mtoto wa mfugaji amkimbilie ndama aliyezaliwa usiku, yaani hamu ya kumgusa kiumbe hai asiyemwogopa. Tena pomboo ana sifa za kuistahili hamu hiyo. Si samaki. Ni mamalia mwenye damu ya moto, apumuaye hewa kwa tundu lililo juu ya kichwa, abebaye mimba kwa muda wa miezi 12 hivi, na amnyonyeshaye mtoto wake kwa miaka kadhaa. Hulala kwa kuupumzisha upande mmoja wa ubongo huku upande wa pili ukikesha, ili asikose kupanda juu kuvuta pumzi. Huko Florida, Marekani, watu walianza kulipa kiingilio ili kuwatazama pomboo wa bwawani mwaka 1938, na mchezo wa televisheni uitwao Flipper, ulioonyeshwa tangu 1964 hadi 1967, uliwafanya mamilioni ya watu waamini kwamba mnyama huyu ni rafiki wa binadamu aliye tayari siku zote. Mmoja wa wakufunzi wa pomboo wa mchezo huo, Ric O'Barry, aligeuka mwaka 1970 akawa mpinzani mkubwa wa biashara hiyohiyo iliyomlisha.

Sasa litazamwe lile tabasamu, maana ndilo liuzalo picha. Binadamu hutabasamu kwa misuli iliyo chini ya ngozi ya uso. Misuli hiyo huvuta midomo na kukunja pembe za macho. Pomboo hana uso wa namna hiyo. Mstari wa mdomo wake umepinda kwenda juu kwa sababu ya umbo la taya, nao hubaki vilevile awe ameshiba au ana njaa, awe anacheza au anaumwa. Mwezi Aprili 2006 pomboo mamia kadhaa walikutwa wamekufa katika pwani ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Midomo yao ilikuwa na mpindo uleule. Basi mtalii asemaye, "Alifurahi kuniona," ameusoma mfupa akadhani ameusoma moyo. Hilo ni kosa la kisayansi kabla halijawa kosa la kimaadili, na mwalimu wa biolojia angeweza kulitumia kipindi kizima bila kuligusa suala la haki hata kidogo.

Pomboo huijua dunia yake kwa sauti zaidi kuliko kwa macho. Hutoa milio mifupi mno kutoka katika njia za hewa zilizo chini ya tundu la kupumulia. Milio hiyo hukusanywa na kuelekezwa mbele na uvimbe wa mafuta ulio katika paji la uso, na mwangwi wake hupokewa kupitia taya la chini hadi sikioni. Sikio la binadamu hukoma kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde. La pomboo huvuka 100,000. Mwendo wa sauti majini ni kama mita 1,500 kwa sekunde, hali hewani ni kama mita 340 tu. Mwanafunzi na apige hesabu: samaki akiwa umbali wa mita 75, mlio utakwenda na kurudi jumla ya mita 150, na mwangwi utafika baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukuta wa bwawa ulio umbali wa mita 7.5 utaurudisha mwangwi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.

Wako waliodai kwamba mwangwi wa kuta humtia pomboo wazimu. Dai hilo halijathibitishwa vya kutosha, wala halifai kufundishwa darasani kama ukweli. Lisilo na ubishi ni jambo dogo zaidi, lakini ni zito: bwawani hakuna cha kutafuta. Chombo hicho cha ajabu, kilichoumbika ili kumtambua samaki aliyejifukia mchangani, kimewekwa mahali ambapo kila pembe inajulikana tangu juma la kwanza, na samaki huja akiwa amekwisha kufa, ndani ya ndoo, mara nyingi kama ujira wa kuruka au kukubali kuguswa. Ni sawa na kumfungia msomaji hodari katika chumba chenye kitabu kimoja cha kurasa mbili.

Watetezi wa mabwawa wanayo hoja moja nzito, nayo haipaswi kufichwa. Mengi tuyajuayo juu ya usikivu wa pomboo yamepatikana kutoka kwa pomboo waliofungwa. Mwaka 1961 Kenneth Norris na wenzake walitangaza jaribio ambalo ndani yake macho ya pomboo yalifunikwa kwa vikombe vya mpira, naye akaendelea kuogelea na kuvikwepa vizuizi bila kugonga. Mwaka 2001 Diana Reiss na Lori Marino walionyesha kwamba pomboo wawili wa New York, waliotiwa alama mwilini, walijichunguza katika kioo kwa namna iliyoonyesha kwamba waliitambua sura iliyomo kuwa yao wenyewe. Bila bwawa, majaribio hayo yangekuwa magumu sana. Lakini msomaji makini ataona hoja hiyo inapoelekea: maarifa yaliyopatikana bwawani ndiyo yaliyotufundisha kwamba mfungwa wa bwawa ni kiumbe mwenye akili nyingi mno kuwekwa humo kwa ajili ya burudani. Tena kuogelea kwa mtalii si jaribio. Hakuna daftari linaloandikwa.

Liko pia swali la mahali wanyama wanapotoka. Baadhi huzaliwa bwawani. Wengine huvuliwa baharini, na hapo ndipo habari inapoikaribia Afrika Mashariki. Mwaka 2003 pomboo 28 walisafirishwa kwa ndege kutoka Visiwa vya Solomon, katika Bahari ya Pasifiki, hadi Mexico. Mwaka 2007 wengine 28 walipelekwa kutoka visiwa hivyohivyo hadi Dubai, mji ambao Waswahili wengi huujua kwa biashara na kwa jamaa waishio huko. Jamii yao kisayansi ni Tursiops aduncus, jamii ileile ya pomboo waogeleao kusini mwa Unguja. Pomboo waliovuliwa walikuwa na mama, watoto na wenzi waliobaki majini. Na kwa kuwa pomboo wa jamii hii hutambuana kwa miluzi, kila mmoja na wake, kuwatenganisha ni kuvunja ukoo. Nchi kadhaa zimekwisha kuamua. Mwaka 2013 serikali ya India ilikataza kuanzishwa kwa mabwawa ya maonyesho ya pomboo, na mwaka 2019 Canada ilipitisha sheria ya kukomesha ufugaji wa pomboo na nyangumi kwa ajili ya burudani, isipokuwa wale waliokuwa wamekwisha kufungwa.

Mwanafunzi aweza kuuliza: kwa nini wasifunguliwe tu? Jibu la nusu liko karibu na Karagwe, katika Ziwa Viktoria. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya waliachiliwa katika kisiwa cha Rubondo. Walijifunza upya kutafuta chakula chao, wakazaana, na wazao wao wangali wakiishi katika msitu wa kisiwa hicho, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Lakini baadhi ya wale wa mwanzo, kwa kuwa hawakuwaogopa tena binadamu, waliwashambulia watu. Ikumbukwe pia kwamba sokwe hao kwa sehemu kubwa walizaliwa porini kabla ya kukamatwa. Pomboo aliyezaliwa bwawani hakufundishwa na mama yake kuvua, na kumfungulia lango la bahari huenda kukawa kumwua kwa njia nyingine.

Kuna wanaosema kwamba, ikiwa bwawa ni baya, basi watalii na waende baharini kwa pomboo walio huru. Kizimkazi, kusini-magharibi mwa Unguja, ndipo mahali pa kuipima kauli hiyo. Hadi miaka ya 1990 wavuvi wa huko waliwawinda pomboo, nyama yao ikitumika hasa kama chambo cha kuvulia papa. Tangu mwanzoni mwa miaka hiyohiyo watalii wakaanza kuja kuwatazama na kuogelea nao, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Pomboo aliye hai akawa na thamani kuliko chambo. Mashua zilizokuwa za uvuvi zikachukua wageni, vijana wakapata kazi ya unahodha na uongozi, migahawa ikafunguliwa. Mageuzi hayo ni makubwa, na yeyote azungumzaye haki za pomboo bila kuitaja riziki ya watu wa Kizimkazi amesema nusu ya maneno.

Lakini watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stockholm na vyuo vingine, wamewafuatilia pomboo hao kwa miaka mingi. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2006 ilikadiria kwamba pomboo wa jamii ya Tursiops katika eneo hilo walikuwa kati ya 136 na 179 tu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 na mwingine wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mashua za watalii zinapokuwepo, pomboo huacha kupumzika na kuchangamana, na hutumia muda mwingi zaidi wakisafiri; majike nao hubadili mwendo wao, utalii unapozidi, wakageuka-geuka njiani kama watu wanaokwepa. Mashua huwatangulia, waogeleaji hurukia mbele yao, pomboo huzama, mashua hufuata tena. Nahodha hapaswi kubebeshwa lawama peke yake. Mgeni aliyelipa anataka kugusa, na nahodha akaaye mbali kwa adabu ataona mwenzake akiondoka na bahashishi. Aidha, adui mkubwa wa maisha ya pomboo hao si mtalii bali ni nyavu za jarife, ambamo hunaswa na kufa kwa kukosa hewa.

Kwa hiyo tofauti kati ya bwawa na bahari si kamili kama inavyodhaniwa. Swali lenye manufaa zaidi kuliko "Je, amefungwa?" ni hili: ni nani anayeamua mwisho wa mkutano? Bwawani huamua saa ya mkufunzi. Kizimkazi, siku ya msongamano, huamua injini. Mashua ikizima injini na kutulia, na pomboo wakaja wenyewe, wakazunguka, kisha wakaenda bila kufuatwa, hapo mnyama ameamua. Miongozo ya kuwakaribia pomboo taratibu, kutoka ubavuni, na kwa mashua chache, imekwisha kuandikwa. Kinachokosekana mara nyingi ni mgeni aliye radhi kurudi pwani bila picha.

Njia ya uchunguzi iliyotumika Kizimkazi yaweza kujaribiwa Kituntu bila bahari, kwa kutumia ng'ombe wa pembe ndefu na ruhusa ya mwenye kundi. Mwalimu achague ng'ombe mmoja saa ya adhuhuri, kundi linapopumzika. Wanafunzi wawili wakae mbali, na kila baada ya dakika mbili, kwa muda wa saa nzima, waandike anachofanya: amelala akicheua, amesimama, anakula, au anatembea. Siku ya pili, saa ileile na kwa ng'ombe yuleyule, wanafunzi watano wamsogelee hadi mita tano na kubaki hapo, huku wale wawili wakiandika kama jana. Zoezi lirudiwe kwa siku kadhaa, maana siku moja haithibitishi kitu. Mvua, mbung'o na mchungaji mgeni huweza kubadili mambo yote. Kisha zihesabiwe nyakati za kila tendo katika hali mbili, na tofauti ichorwe kwa grafu ya mihimili.

Huenda tofauti ikawa ndogo, kwa kuwa ng'ombe amewazoea watu. Hapo darasa lijadili kwa uangalifu: ng'ombe asiyeondoka ameridhika, au amejifunza tu kwamba kuondoka hakumsaidii? Daftari, kama lilivyo, haliwezi kujibu. Ili lianze kujibu, wanafunzi waongeze safu ya tano, iandikwe "ameondoka", na pembeni yake nyingine ya kuonyesha kama alifuatwa.