Ijue mipira miwili midogo chini ya rejeta kabla fundi hajaigusa

Siku hizi simu ninazopigiwa wakati wa mavuno si za ukungu wala mbolea tu. Nyingine ni za gari. Vijana wengi hapa Singida mmechoka kumsubiri dalali shambani, mmenunua Noah, Hiace au RAV4 za mtumba, nyingi zikiwa otomatiki, na mzigo mnausafirisha wenyewe: sokoni Misuna, Igunga, Nzega hadi Kahama. Ni uamuzi mzuri. Ila giaboksi ya otomatiki ikiungua inaweza kumeza faida ya ekari nzima, na mwenye gari mara nyingi hajui kwamba uhai wake unategemea mipira miwili isiyozidi unene wa kidole.

Chukua kisa cha kijana mmoja wa Mkalama. Rejeta yake ilipasuka, akapata nyingine iliyotumika, umbo lile lile, bei ya kumridhisha. Kumbe ilitoka kwenye gari la gia za mkono. Rejeta ya namna hiyo haina midomo ya kupokea oili ya giaboksi, kwa hiyo fundi alibaki na mipira miwili isiyo na pa kwenda. Akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, akaweka klipu, kazi ikaisha. Gari likawaka, hakuna kilichodondoka, mjini likatembea bila wasiwasi. Likashusha vitunguu hadi Igunga salama. Shida ilikuja wakati wa kurudi, amepakia mchele, kupandisha Sekenke. Injini inapiga kelele, gari haliendi, harufu ya kuungua kila mahali. Hela ya vitunguu yote ikaishia kwenye giaboksi nyingine ya mtumba.

Ni nini kilitokea? Gari la otomatiki halina klachi ya mguuni. Kati ya injini na giaboksi kuna bakuli la chuma lililojaa oili, mafundi huliita konveta, na oili hiyo ndiyo inayosukuma. Ukipanda mlima polepole na mzigo mzito, oili inachurwa kwelikweli, na kuchurwa huko kunazaa joto. Ili isiive, giaboksi huisukuma nje kwa bomba moja, inapita kwenye kipozeo kidogo kilichofichwa ndani ya tanki la rejeta, kisha inarudi kwa bomba la pili. Oili hii inafanya kazi vizuri ikiwa kwenye nyuzi joto 80 hadi 90. Mafundi wana makadirio yao kwamba kila ikizidi hapo kwa nyuzi 10 hivi, umri wake unakatika nusu. Sasa ondoa kipozeo, ongeza gunia saba za mchele kwenye gari lililotengenezwa kubeba watu, halafu ongeza Sekenke. Hesabu unayo.

Tuje kwenye kuitambua. Fungua boneti gari likiwa limepoa. Kwenye Hiace na Noah za zamani injini iko chini ya siti, hivyo utalazimika kuchungulia kwa chini ya bampa. Weka vizuizi kwenye matairi, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kwenye rejeta utaona mipira miwili mikubwa, mmoja juu na mmoja chini. Hiyo ni ya maji, achana nayo. Kampira kembamba kanakotoka shingoni, karibu na mfuniko, kwenda kwenye chupa ya plastiki, nako ni ka maji. Unayoitafuta ni mipira miwili iliyo sawa kwa unene, tundu lake la ndani likiwa milimita 8 hadi 10 hivi, iliyochomekwa kwenye midomo ya chuma ya tanki la rejeta. Kwenye Toyota nyingi ni tanki la chini, mmoja kushoto na mmoja kulia. Rejeta nyingine zina matanki ya pembeni, na hapo midomo inakaa upande mmoja, mmoja juu ya mwingine. Mipira hii ni mifupi, baada yake utakuta mabomba ya chuma. Yafuate kwa macho, na mkono ukifika, hadi yanapoishia. Yakiingia kwenye ubavu wa giaboksi, umeyapata.

Watu huyachanganya na mabomba ya AC, ambayo huwa ya alumini, moja nene na jingine jembamba, na yanaenda kwenye kile kiwavu kilicho mbele ya rejeta. Hayo usiyalegeze kabisa, yana gesi yenye mgandamizo. Mengine ni ya stelingi: yafuate, utaishia kwenye pampu ya stelingi au kikopo chake. Usiamini rangi ya oili peke yake, maana oili ya giaboksi nyingi ni nyekundu na ya stelingi mara nyingi ni nyekundu vilevile. Kinachokupa jibu ni bomba linakoishia.

Halafu kuna magari, hasa ya miaka ya karibuni, ambayo kipozeo kimefungwa kwenye giaboksi yenyewe. Huko mipira inayoenda giaboksi imebeba maji ya rejeta, si oili. Ukikosa midomo midogo kwenye rejeta, angalia hapo kwanza kabla hujamlaumu aliyekuuzia.

Lipi linapeleka na lipi linarudisha? Kwa kubadilisha rejeta tu, inatosha kufunga utepe kwenye mpira mmoja na kupiga picha kwa simu kabla fundi hajafungua, kila kitu kirudi kilipokuwa. Swali hili lina uzito ukitaka kuongeza kipozeo cha ziada, kitu ambacho kwa mbeba mizigo nakiunga mkono. Chenyewe hufungwa kwenye bomba la kurudisha, baada ya rejeta. Endesha gari na mzigo kama dakika 20, kisha linganisha joto la mabomba mawili: la kupeleka ndilo lenye moto zaidi. Usilishike kwa kiganja, linaunguza. Gari lililowashwa sasa hivi litakudanganya, kwa hiyo usiharakishe.

Mpira ukichoka, nunua mpira wa oili. Kipande cha mpira wa maji kitaonekana kinafaa kabisa siku ya kwanza, lakini oili hukivimbisha, kikalainika na kuchomoka. Klipu ikae nyuma ya uvimbe wa mdomo, isikae juu yake. Na kuziba bomba moja kwa boliti ili oili isivuje ni kubaya kuliko hata kuyaunganisha yale mawili, maana giaboksi nyingi hulainisha vyuma vyake kwa oili inayorudi kutoka kwenye kipozeo.

Hapa kwetu kuna na hili la maji. Visima vingi vya Singida vina chumvi, ndiyo maana birika zinashika ukoko mweupe. Maji hayo yakikaa kwenye rejeta hula chuma kidogo kidogo, na siku kipozeo kikitoboka, maji na oili vinakutana. Tumia kulanti, na ukikosa, hata maji safi ya mvua yana nafuu. Kila mwezi, gari likiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta uangalie, kisha chomoa kijiti cha giaboksi kama kipo. Ukiona kitu kama maziwa ya rangi ya waridi, usiwashe. Maji yanabandua nyuzi za klachi ndani ya giaboksi, na kila kilomita unayojilazimisha inapunguza nafasi ya kuiokoa. Libebwe juu ya gari jingine, au livutwe tairi zinazoendesha zikiwa hewani.

Ukiwa mlimani tayari na gari limeanza kuteleza au kunuka, toka barabarani, weka P, kaza breki ya mkono na weka jiwe nyuma ya tairi. Chungulia chini. Kama ni pakavu na mshale wa joto la injini uko sawa, acha injini iunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, oili izunguke ipoe, angalau nusu saa. Kama inadondoka, zima papo hapo, maana pampu ya giaboksi itaimwaga yote barabarani ndani ya dakika chache.