JUMATATU: Kwa Mwendo wa Mtoto

Soma Kumbukumbu la Torati 1:31. Hosea 11:1–4 na Warumi 8:14–17. Mungu anamtendea nini mtoto ambaye bado hajajua kutembea wala kutumaini?

Mwaka 1992 sheria ya China iliwafungulia wageni mlango wa kuasili watoto. Septemba 2024 serikali ilitangaza kuufunga, isipokuwa kwa ndugu wa karibu na watoto wa kambo. Kati ya miaka hiyo, watoto zaidi ya 160,000 walipata wazazi katika nchi nyingine, na karibu nusu yao walikwenda Marekani.

Kwa kawaida wazazi walimpokea mtoto katika mji mkuu wa jimbo alikolelewa. Walitia saini hati mbele ya maofisa, kisha wakangoja pasipoti yake. Waliotoka Marekani walikwenda pia Guangzhou, mji wa kusini, kwa ajili ya uchunguzi wa afya na viza. Safari ilichukua kama majuma mawili, na kati ya ofisi moja na nyingine zilibaki siku za kungoja. Katika siku hizo walitoka na mtoto kuutazama mji.

Guangzhou una mengi ya kutazama. Katika kisiwa cha Shamian kuna miti mikubwa yenye vivuli na majengo ya kale ya Wazungu kando ya Mto wa Lulu. Katika bustani ya Yuexiu imesimama sanamu ya mawe ya kondoo watano, alama ya mji huo. Lakini kwa mtoto, jambo geni kuliko yote halikuwa sanamu wala mto. Lilikuwa watu wawili waliomshika mkono: harufu yao, lugha yao, sura zao. Jana alikuwa na mlezi aliyemzoea. Leo mlezi huyo hayupo, wala hakuna anayeweza kumweleza kwa nini. Wengine walilia kwa saa nyingi. Wengine walinyamaza kabisa. Wengine walimng'ang'ania mzazi mmoja na kumkataa mwingine.

Basi mzazi aliyepanga kuona mahali panne aliona pamoja tu. Mwenye hekima aliiweka ramani kando, akambeba mtoto kifuani, akarudi kesho yake kwenye benchi lile lile, mpaka mtoto akaanza kuuzoea uso wake. Ndivyo Hosea anavyomwonyesha Mungu: anainama, anashika mikono, anafundisha hatua za kwanza. Hatangulii mbele akimwita mtoto aliyechoka aharakishe.

Soma tena Warumi 8:15. Kipi kinatangulia: kufanywa mwana, au kulia "Aba"?

Paulo aliwaandikia watu walioishi chini ya sheria za Kirumi, ambazo zilimpa mwana wa kuasiliwa jina na urithi kama mwana wa kuzaliwa. Mtoto aliyelia chini ya miti ya Shamian alikuwa tayari mwana wa nyumba ile. Hati ilikwisha kutiwa saini. Machozi yake hayakuifuta, wala tabasamu lake siku iliyofuata halikuiongezea nguvu. Moyo wake ulikuwa ukijifunza polepole jambo ambalo lilikuwa kweli tayari. Mzazi anayedai upendo na shukrani tangu siku ya kwanza anamtwika mtoto mzigo ambao Mungu hamtwiki mtu yeyote.

Guangzhou kuna pia Jumba la Ukoo wa Chen, lililokamilika mwaka 1894. Lilijengwa na familia zenye jina hilo kutoka sehemu mbalimbali za jimbo, ili kuwaheshimu wazee wao na kuwapa vijana wa ukoo mahali pa kukaa walipokuja kufanya mitihani. Mtoto aliyebebwa kupita mlango ule aliondoka na jina jipya la ukoo. Je, la kwanza litupwe? Esta 2:7 inasimulia jinsi Mordekai alivyomlea binti yatima, na fungu hilo linatunza majina yake yote mawili, Hadasa na Esta. Ndiyo maana wazazi wengi walipiga picha za mitaa, za soko, na za lango la kituo alikolelewa mtoto. Siku moja atauliza alitoka wapi. Atahitaji jibu la watu walioitazama nchi yake kwa heshima.

Maswali ya Kujadili:

1. Washiriki huweza kumwambia mtoto aliyeasiliwa kwamba ana bahati. Maneno hayo yanaweza kumwumiza vipi mtoto ambaye bado anaomboleza?

2. Katika kanisa lenu, ni familia gani inayomlea yatima au mtoto wa ndugu? Juma hili mtaisaidiaje kutembea kwa mwendo wa mtoto huyo?