«Umupe anyonye» na «Ujifunike»: sentensi mbili kwa mama mwenye mtoto

Makala hii inahusu sentensi mbili fupi. Ya kwanza husikika Kindu karibu kila siku: «Mama, mutoto analia, umupe anyonye.» Ya pili ni changa zaidi, na wanaoisema mara nyingi huitanguliza kwa neno moja au mawili ya Kifaransa: «Mama, ujifunike kwanza.» Zote mbili ni amri. Zote mbili humwelekea mwanamke mmoja aliyekaa na mtoto mahali penye watu. Na wanaozisema hudhani wanatetea adabu. Nitajaribu kuonyesha, kwa kutumia sarufi kwanza na baadaye historia, kwamba adabu zinazotetewa hapo ni mbili tofauti, na kwamba jambo hili linatuhusu sisi wa kitivo cha lugha kuliko tunavyofikiri.

Kwa muda wa muhula mmoja nilibeba daftari dogo na kuandika maneno ambayo watu waliwaambia akina mama wenye watoto wachanga. Niliandika sokoni, kanisani, kwenye mitumbwi inayovusha watu Lualaba kati ya mji na Alunguli, na kwenye foleni ya siku ya kupima watoto. Jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba mahali hapo pote anayewaudhi watu si mama anayenyonyesha. Anayewaudhi ni mama ambaye mtoto wake analia naye hafanyi kitu. Mtumbwini mtoto akilia dakika mbili tu, mwanamke mzee wa mbele atageuka: «Sasa mama, unamuachia mutoto vile kwa nini?» Nimemsikia hata mpiga kasia akisema, bila kugeuza uso wake kutoka majini, «Umupe, mama, umupe.» Hakusema ampe nini, wala hakuna aliyeuliza.

Tuitazame sentensi hiyo. *U-mu-pe a-nyonye*. Ina vitenzi viwili na watu wawili. Katika kitenzi cha kwanza mtoto ni mtendwa, amekaa ndani ya kiambishi *-mu-*. Katika cha pili amekuwa mtenda, ndiye anayenyonya. Mama hutajwa mara moja tu, kwa *u-* ya mwanzo, kisha kazi inakabidhiwa kwa mtoto. Tukisema «nyonyesha» hali ni hiyohiyo: *-esh-* ni kiambishi cha kusababisha, maana yake mama anamfanya mtoto anyonye. Kifaransa husema mama anampa mtoto ziwa, na ziwa hilo hukaa katikati ya sentensi kama kitu cha kutolewa. Sentensi yetu ya mtumbwini haitaji ziwa kabisa. Na tunapolitaja, lugha haitengi kiungo na chakula kwa ukali: *ziwa* wingi wake ni *maziwa*, na maziwa ndiyo hayo yanayonywewa. Kilingala tunachokisikia mjini kinafanya vivyo hivyo kwa neno *mabele*.

(Sisemi kwamba kitenzi *nyonya* ni safi kila mahali. Mtu mzima anayenyonya ni jambo lingine: Watanzania, katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, walilifanya neno *unyonyaji* kuwa jina la dhambi kubwa ya uchumi. Mtoto ndiye mnyonyaji pekee asiyelaumiwa.)

Sasa sentensi ya pili. *U-ji-funike*. Hapa mtu ni mmoja. Kiambishi *-ji-* kinamrudishia mama kitendo chake mwenyewe, na sentensi inafungwa mlango. Mtoto hayumo. Njaa yake haimo. Anayetazama hayumo pia, ingawa bila yeye sentensi isingesemwa. Katika «umupe anyonye» tatizo ni kilio na dawa yake ni mtoto kushiba. Katika «ujifunike» tatizo ni mwili wa mama, na dawa yake ni mwili huo kutoweka. Mtoto akiendelea kulia chini ya kitambaa kwa sababu ya joto la Kindu, sentensi hii haina la kusema.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nililisikia nilipoyasoma maandishi haya mbele ya wenzangu: kujifunika si jambo geni kwetu. Ni kweli. Maniema ina Waislamu wengi, na historia yao inarudi hadi karne ya 19, wakati Kasongo ilipokuwa mji wa biashara wa Tippu Tip na watu wake, kabla ya majeshi ya Leopold kuuteka mwaka 1893. Akina mama wengi wa familia hizo hunyonyesha wakiwa na mtandio mabegani. Wakristo nao wana kikwembe, na si wachache wanaokivuta mbele wanapokaa kati ya wanaume wasiowajua. Lakini angalia nani anaamua. Mtandio na kikwembe ni vazi ambalo mama ametoka nalo nyumbani, analivuta au kuliacha kwa kadiri ya haya yake. Sikuwahi kuandika katika daftari langu kwamba mzee Mwislamu alimwamuru mwanamke asiye wa nyumbani mwake ajifunike anaponyonyesha. Dini hiyohiyo imeandika haki ya mtoto kwa hesabu: Kurani, sura ya 2 aya ya 233, inataja miaka miwili kamili ya kunyonya kwa anayetaka kuikamilisha. Inajenga pia undugu juu ya maziwa, hata waliolishwa na mwanamke mmoja hawawezi kuoana. Jamii inayohitaji kujua nani alinyonya kwa nani haiwezi kukifanya kitendo hicho kuwa siri.

Nimetumia neno *haya*. Tulitenge na *aibu*, maana watu huyachanganya, na hapa tofauti yake ina uzito. Haya kwa kawaida mtu *anayo* au *anaiona*, inaanzia ndani. Aibu mtu *anatiwa*, *anapata*, *anaaibishwa*. Inatoka kwa wengine. Mama anayevuta kikwembe ana haya. Mama anayeambiwa mbele ya watu ajifunike ametiwa aibu, hata kama msemaji ameanza kwa «Mama» na kumaliza kwa «tafadhali». Na ile adabu ya zamani ilikuwa na mzigo wa mtazamaji pia. Mwanamume akipita mbele ya baraza ambapo mama ananyonyesha, anasalimu, anauliza habari ya mtoto, na macho yake yako kwa mtoto au barabarani. Akikaza macho, yeye ndiye anayesemwa. Heshima ilikuwa kazi ya watu wawili. «Ujifunike» inamwachia mmoja kazi yote.

Kulikuwa na sababu nyingine ya utulivu huo, na hapa nasema maoni yangu. Kiswahili kina kitenzi ambacho vijana wengi hawakijui tena: *kubemenda*, yaani kumdhuru mtoto anayenyonya kwa kuwa wazazi wake wamerudiana kitandani kabla ya wakati. Sayansi ya leo haikubali maelezo hayo, lakini mwiko wenyewe, ambao jamii nyingi za Kongo ziliujua kwa majina yake, ulimpa mama nafasi ya kupumzika kati ya uzazi mmoja na mwingine. Basi mwanamke aliyeonekana na mtoto kifuani alikuwa akitangaza pia kwamba yuko katika kipindi cha kujitenga. Ziwa lenye mtoto lilimwambia mwanamume «si wakati». Kuona mwaliko mahali hapo kungekuwa kutojua kusoma.

Wakoloni walisoma vingine kabisa. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya mwaka 1988 juu ya Kongo ya Wabelgiji, anaonyesha jinsi watawala, wamisionari na makampuni, kwa hofu ya watu kupungua, walivyoona kunyonyesha kwa muda mrefu kuwa kizuizi cha uzazi. Wanawake wa Kizungu walifungua vituo vya kupima watoto na kugawa maziwa, na mama Mkongo akafundishwa kwamba muda wake wa kunyonyesha ni desturi ya kurekebishwa. Inachekesha kidogo kwamba leo Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha kuendelea hadi miaka 2 au zaidi. Bibi zetu walishauriwa kuacha kile ambacho wajukuu zao wanashauriwa kurudia, na mara zote mbili walioshauri walikuwa na mizani mkononi.

Hapa Kindu sentensi ya pili bado ni mche. Ili tuione ikiwa mti, inabidi twende Kenya, ambako imefika magazetini na bungeni. Mwezi wa 5 mwaka 2018 mama mmoja alieleza kwamba katika mkahawa wa Nairobi alizuiwa kunyonyesha mezani na kuelekezwa chooni. Siku chache baadaye wanawake waliandamana mjini wakiwa na watoto wao. Tarehe 7 mwezi wa 8 mwaka 2019 Zuleikha Hassan, mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia ukumbini na mtoto wake wa miezi 5. Aliyeongoza kikao alimwamuru atoke, na wabunge kadhaa wanawake wakatoka naye. Ilikuwa wiki ileile ya kwanza ya mwezi wa 8 ambayo dunia, tangu mwaka 1992, huiadhimisha kuwa wiki ya unyonyeshaji.

Kinachonivuta katika kisa cha Kwale ni tafsiri. Kanuni za bunge lile zimerithiwa kutoka Uingereza, na kwa Kiingereza chake kila asiye mbunge au mtumishi wa bunge akiingia ukumbini ni mtu baki asiyeruhusiwa. Tukilitafsiri neno hilo la Kiingereza kwa Kiswahili cha kawaida tunapata *mgeni*. Lakini mgeni katika lugha yetu ni jina la mtoto mchanga vilevile: mwanamke akijifungua tunasema nyumba imepata mgeni, na kila mtu anakuja na kitu mkononi. Neno linalomfukuza mtoto kwa Kiingereza ndilo linalomkaribisha kwa Kiswahili. Wanafunzi wa tafsiri wanaotafuta mfano wa maneno yanayolingana kikamusi na kupingana kimatumizi wanaweza kuuchukua huu bila malipo.

Na sheria? Kenya, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, iliwataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Kongo ilitangulia, kwa njia nyingine: Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, kifungu cha 132, inampa mfanyakazi anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, yanayolipwa kama saa za kazi. Kenya inatoa mahali, Kongo inatoa wakati. Kama ningelazimishwa kuchagua ningechukua wakati, kwa sababu chumba kinaweza kugeuka haraka kuwa jibu la «nenda kule». Lakini kanuni hiyo inamhusu mwenye mkataba wa kazi. Muuza mihogo sokoni hayumo, ingawa yeye ana faida ya kuwa bosi wa meza yake. Mwanafunzi hayumo, na hana meza.

Mimi nilinyonyesha mtoto wangu wa kwanza nikiwa mwanafunzi, katika chuo ambacho sikitaji. Mlangoni mwa ukumbi wa masomo palibandikwa karatasi: «Ni marufuku kuingia na watoto.» Wachache waliingia hata hivyo, wakakaa nyuma, na siku moja mwalimu akasimamisha somo la fonolojia na kusema, «Mama wa kule nyuma, ujifunike au utoke.» Nilitoka. Mtoto wangu hakuwa akilia. Alikuwa ananyonya, kimya kuliko wanafunzi wengi wa safu ile. Nilipoteza nusu ya somo la toni, na sehemu hiyo ndiyo iliyoletwa katika mtihani. Kanisani Jumapili ileile mtoto alilia katikati ya mahubiri, na mama wa kwaya akaninong'oneza, «Umupe anyonye.» Niliendelea kuyasikia mahubiri yote.

Karatasi kama ile bado zipo katika vyuo, na kikundi chetu cha wanafunzi kilipewa zoezi la kuandika tangazo mbadala, kwa Kifaransa na Kiswahili, kwa ajili ya ukumbi wowote wa masomo. Tulibishana sana juu ya kitenzi. «Anaruhusiwa kunyonyesha» tuliikataa, kwa sababu ruhusa huombwa, na kesho hunyimwa. «Kunyonyesha hadharani» tuliikataa pia: *hadhara* ni mahali watu walipo, lakini kwa matumizi ya leo *hadharani* inaleta pamoja nayo harufu ya jambo lililopaswa kufanywa faraghani. Tulifika hapa: «Mtoto akiwa na njaa, mama amnyonyeshe alipo. Mtoto akilia bila kunyamaza, mama atoke naye, na arudi bila kuomba.» Kilio ndicho kinachotolewa nje, na mtoto yumo katika kila kishazi isipokuwa cha mwisho.

Mwenzangu mmoja aliongeza mstari wa tatu: «Wengine waangalie ubao.» Asistanti aliyesahihisha zoezi aliufuta kwa wino mwekundu, akaandika pembeni kwamba tangazo si mahali pa mzaha. Mimi ningeuacha.