Somo la Mwezi: Fedha Yetu Ifanye Kazi Bila Kumwumiza Jirani

Mafungu ya kusoma: Matendo 18:1-3; 1 Wafalme 21:1-19; Yeremia 32:6-15; Nehemia 5:1-12; Mithali 11:1.

Lengo la somo: Kujifunza jinsi familia zilizohama makwao zinavyoweza kuweka fedha yao kidogo katika kazi yenye haki, na kushirikiana katika biashara wao kwa wao na pamoja na wenyeji wa pwani hii.



 

Katika vikundi vyetu vya maombi tumesikia mara nyingi neno hili: "Kuwekeza ni jambo la matajiri. Sisi tumekimbia, tutaweka nini?" Tunalielewa neno hilo. Hapa Kigwena na vijiji vya jirani, kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, wako waliorudi kutoka Tanzania wasikute shamba la baba zao. Wako waliovuka ziwa kutoka Kongo. Wako ambao maji ya Tanganyika yalipopanda, hasa mwaka 2024, yaliingia nyumbani mwao. Hata hivyo, kila mmoja wetu hupata kitu kidogo: dumu la mawese, fungu la ndagala, kibarua cha siku mbili. Kidogo hicho hakikai bure. Ama kinaliwa, ama kinafanya kazi mahali fulani. Somo letu linauliza kinafanya kazi gani, na kinamfanyia nani.

1. Wakimbizi waliokuwa na kazi

Tusome Matendo 18:1-3. Akila na Prisila walifukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio. Walifika Korintho wakiwa wageni. Hawakuwa na shamba wala mji, lakini walikuwa na ufundi wa kushona mahema. Paulo alipofika, alikaa kwao kwa sababu kazi yao ilikuwa moja. Tuangalie jambo hili vizuri: kufahamiana kwao kulianzia kwenye kazi. Kutoka katika kazi hiyo kanisa likapata nyumba ya kukutania na walimu wa Neno.

Tuna mfano pia katika watu wetu wenyewe. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo huko Tanzania. Walipewa ardhi ya msitu na majembe. Kufikia mwaka 1985 makazi hayo yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, kwa kuwa watu walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza mazao. Hawakufika hapo kwa utajiri wa mtu mmoja. Walifika kwa kulima, kusaidiana na kuuza pamoja.

2. Shamba lile la michikichi

Sasa tuwaeleze jambo lililotupata, kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

Kikundi chetu kimoja cha akiba kilikuwa kimekusanya fedha kwa mwaka mzima. Akaja mtu akitaka kutuuzia shamba dogo la michikichi inayozaa vizuri. Bei ilikuwa ndogo kuliko tulivyotazamia. Wengi tulifurahi, tukasema Mungu amejibu. Ndipo mama mmoja mzee akauliza swali moja tu: "Michikichi hii aliipanda nani?"

Tulipowauliza majirani na bashingantahe, tuliambiwa kwamba familia iliyokuwa na shamba lile ilikimbia, na watoto wao bado wako Tanzania. Muuzaji alikuwa na karatasi, lakini historia ya ardhi ilikuwa na watu wengine ndani yake.

Ninyi mnaokaa hapa mnajua uzito wa jambo hili. Tambarare ya Rumonge ndiyo nchi ya mawese katika Burundi. Baada ya mwaka 1972 mashamba mengi ya waliokimbia yaligawiwa watu wengine, na mengine yakaingizwa katika mipango ya serikali ya kupanda michikichi. Waliporudi, hasa baada ya Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000, walikuta watu wengine wanavuna. Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, kushughulikia mashauri hayo. Familia nyingine ziligawana shamba na waliowakuta humo, nyingine zilishindana kwa miaka. Wengine walipewa nyumba katika vijiji vya amani kama Mutambara. Wako pia walionunua kwa moyo safi, bila kujua lolote, kisha wakapoteza fedha yao. Hao nao tusiwahukumu.

Tulisoma 1 Wafalme 21 usiku ule. Mfalme Ahabu hakuanza kwa kuua. Alianza kwa kutoa bei nzuri. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Fedha ya Ahabu ilikuwa fedha halali, lakini ilitamani kitu ambacho kilikuwa maisha ya mtu mwingine.

Kisha tukasoma Yeremia 32. Huyu naye alinunua shamba, tena wakati wa vita, mji ukiwa umezingirwa na yeye mwenyewe akiwa kifungoni. Alilipa shekeli 17 za fedha. Lakini muuzaji alikuwa ndugu yake mwenye haki ya kuuza, mashahidi walikuwapo, hati iliandikwa, ikatiwa muhuri, ikawekwa katika chombo cha udongo ili idumu. Kwa hiyo Biblia haikatazi mtu aliye katika taabu kununua shamba. Inatuonyesha njia mbili, ya Ahabu na ya Yeremia.

Hatukununua. Wanachama wanne walikasirika wakatoa fedha zao, na mmoja wao hajarudi mpaka leo. Hatusemi hivi ili tujisifu. Sisi sote tuliacha mashamba tulikotoka, na tusingependa kusikia kwamba kikundi cha wakristo kimeyanunua.

3. Maswali matatu kabla ya kutoa fedha

Wakristo wa zamani nao walijiuliza hivi. Mwaka 1758 Waquaker wa Philadelphia, Marekani, walikubaliana kuwaondoa katika shughuli za kanisa ndugu walionunua na kuuza watumwa. Na sisi wa ziwa hili tunakumbuka kwamba watumwa na pembe za ndovu walivushwa katika maji haya kwenda Ujiji. Kulikuwa na faida kubwa katika biashara ile. Miaka mingi baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, baadhi ya wakristo katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni waliona kwamba akiba za makanisa zilikuwa katika benki zilizosaidia vita na ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Kutokana na mazungumzo hayo, mwaka 1975 kiliundwa huko Uholanzi chama ambacho leo kinaitwa Oikocredit, ambacho hutumia fedha za makanisa na waumini kukopesha vyama vya ushirika na taasisi zinazowahudumia maskini.

Akiba ya kanisa kubwa na akiba ya mama mwenye dumu moja hupimwa kwa maswali yaleyale:

a) Nani anaumia? Anayetoa fedha kununua kokoro au nyavu za chandarua hupata samaki wengi leo, lakini anavua watoto wa samaki. Mwaka 2024 nchi zinazolizunguka ziwa zilipatana kusimamisha uvuvi kwa miezi 3, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaane. Ilikuwa njaa kwa wengi wetu. Fedha inayoua ziwa inazidisha njaa hiyo.

b) Nini kitabaki? Kukamua mawese kunahitaji kuni nyingi za kuchemshia chikichi, na kukausha samaki kwa moshi vilevile. Tunao msitu wa hifadhi wa Kigwena, mabaki ya msitu wa tambarare uliokuwa mkubwa zaidi. Ukiisha, hautapandwa na kizazi chetu. Wakamuaji hutumia makapi na maganda ya chikichi kama kuni. Tuwape kazi na mikopo kwanza wale wanaofanya hivyo.

c) Je, tunaweza kuitaja hadharani? Biashara ambayo hatuwezi kuitangaza kanisani, au mbele ya mwenyeji wetu, tusiweke fedha humo. Mithali 11:1 inasema juu ya mizani ya udanganyifu. Dumu lililobonyezwa chini ili lichukue mawese kidogo ni mizani ya namna hiyo.

4. Sanduku lenye kufuli tatu

Njia iliyo rahisi kwetu ni kikundi cha akiba na mikopo. Wengine huita ikirimba, wengine upatu, wengine likelemba. Namna ya sanduku ilianza huko Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, kisha ikaenea Afrika yote, na Burundi pia.

Kazi yake ni hii. Watu 15 hadi 25 wanaoaminiana wanakutana kila juma. Wanajichagulia viongozi na kuandika sheria zao. Fedha inawekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu ambao si walinzi wa sanduku. Kila kitu kinahesabiwa mbele ya wote. Mwanachama hukopa kwa ajili ya kazi, hurudisha na ongezeko dogo walilopatana, na ongezeko hilo ni la wote. Kuna mfuko wa pembeni wa ugonjwa na msiba. Baada ya miezi 9 hadi 12, fedha yote hugawanywa kwa kadiri ya akiba ya kila mmoja, kisha wanaanza upya.

Tupige hesabu. Watu 20, kila mmoja akiweka faranga 2,000 kwa juma, baada ya majuma 50 wana faranga 2,000,000. Mmoja wetu peke yake hawezi kuifikia hesabu hiyo kwa urahisi. Lakini tukumbuke Nehemia 5: ongezeko lisiwe kamba ya kumnyonga ndugu. Aliyefiwa au aliyeugua apewe muda.

Kikundi chetu, baada ya kuacha lile shamba, kilinunua mawese wakati wa mavuno mengi, bei ikiwa chini, kikayaweka katika madumu safi yaliyofungwa vizuri, kikauza yalipoadimika. Faida haikuwa kubwa kama ya shamba. Ilitosha madaftari ya watoto na mbegu za msimu uliofuata.

5. Tufahamiane katika kazi

Mara nyingi tunatafuta mbali kitu kilicho karibu. Mama mmoja anatafuta wa kumuuzia mawese, na nyumba ya tatu kutoka kwake kuna anayetengeneza sabuni na hana mawese. Fundi seremala hana kazi, na mwaloni wanatafuta wa kutengeneza mtumbwi.

Tunapendekeza mambo manne:

Kwanza, kila kanisa dogo liandike orodha ya kazi: nani anafanya nini, nani anahitaji nini. Isomwe baada ya ibada, Jumapili moja kila mwezi.

Pili, tuuze pamoja. Madumu 30 yanapata mnunuzi wa Bujumbura na yanagawana gharama ya gari. Dumu moja linapata mchuuzi wa njiani na bei yake.

Tatu, tusijifungie sisi kwa sisi. Wenyeji wetu wametupa mahali pa kulala. Tuwaalike katika vikundi vyetu, na majirani zetu Waislamu pia, ambao wengi wao ni wafanyabiashara wa siku nyingi Rumonge na wanajua njia za Kigoma na Kongo. Biashara ya haki ni mojawapo ya njia za amani.

Nne, kikundi kikikomaa kiandikishwe kwa viongozi wa mtaa, na akiba kubwa isilale katika nyumba ya mtu bali ipelekwe COOPEC.

6. Tahadhari

Akija mtu akisema fedha itazaa maradufu kwa mwezi mmoja, akitaja hata jina la Mungu, tuulize fedha hiyo inafanya kazi gani. Asipoweza kutuonyesha shamba, duka au mtumbwi, tumwage kwa heshima. Na anayetaka tukate shauri leo leo, kabla ya kuuliza wazee, ametupa sababu ya kutosha ya kukataa.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Akila na Prisila walikuwa na nini mikononi walipofika Korintho? Sisi tuna nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya ununuzi wa Yeremia na ule aliotaka Ahabu?
3. Ukiambiwa leo kuna shamba la bei ndogo, utamwuliza nani kabla ya kulipa?
4. Tunawezaje kumrudisha ndugu aliyetoka kikundini kwa hasira?

Sala

Bwana Mungu, wewe ulimlinda Yakobo ugenini ukabariki kazi ya mikono yake. Bariki kidogo chetu. Utuepushe na faida yenye machozi ya mwingine. Uwalinde wanaolima leo mashamba tuliyoyaacha, na utufungulie sisi na wao njia ya kukaa kwa amani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.