Mkondo wa Mawazo ya Mtu

Leo twataka kujifunza habari ya jambo ambalo kila mtu analo, wala hakuna awezaye kulionyesha kwa kidole: mawazo yapitayo ndani yetu tangu tuamkapo hata tulalapo.

Mtu apaliliaye mtama aonekana kuwa na kazi moja tu. Lakini aonapo jani lililonyauka akumbuka mvua. Mvua yamkumbusha deni la mbegu. Deni lamkumbusha nduguye aliye mbali. Kisha jembe lagonga jiwe, naye arudi shambani. Mawazo hayo hakuyaita wala hakuyapanga.

Mwalimu mmoja wa Marekani, William James, aliichunguza habari hii katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya nafsi, kilichotolewa mwaka 1890. Alikataa kuyafananisha mawazo na pete za mnyororo, maana hayana viungo. Alisema hutiririka kama mto. Tena alifundisha ya kuwa wazo halirudi mara ya pili vile vile, kwa kuwa mtu mwenyewe amekwisha kugeuka; na ya kuwa katika mengi yapitayo nafsi huchagua machache, na mengine huyaacha. Lugha yetu nayo haikuwa mbali na neno hili: twasema mtu “amezama katika mawazo,” kana kwamba mawazo ni maji.

Baadaye watungaji wa hadithi walijaribu kuuandika mkondo huo. James Joyce, katika *Ulysses* ya mwaka 1922, alieleza siku moja tu ya mji wa Dublin. Na mwishoni mawazo ya mwanamke aliyelala kitandani yajaza kurasa nyingi, karibu bila nukta. Virginia Woolf, katika *Mrs Dalloway* ya mwaka 1925, alieleza siku moja ya London. Humo yumo Septimus, askari aliyerudi kutoka vitani, ambaye mawazo yake hayampi raha. Daktari amwambia hana ugonjwa wo wote. Msomaji ayasikia mawazo yale, daktari hayasikii. Siku hiyo hiyo askari ajitupa dirishani, afa.

Katika Kiswahili twamkumbuka Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Katika *Kichwamaji*, kilichotolewa mwaka 1974, yuko kijana msomi, Kazimoto, atuelezaye mwenyewe mashaka yake. Hadithi hii yafuata taratibu ya kawaida kuliko zile mbili, lakini msomaji amo ndani ya moyo wa kijana huyo. Naye pia mwisho ajiua. Katika *Nagona*, cha mwaka 1990, Kezilahabi aliiacha taratibu hiyo: mambo yaja na kupita kama katika ndoto.

Basi twajifunza nini? Huku kwetu Ulemo, na katika nchi ya Singida, tumezoea kuona makorongo yakikauka wakati wa kiangazi. Mgeni aona mchanga mtupu. Mwenyeji achimba, naye apata maji. Ndivyo alivyo mtu anyamazaye. Twamwona ameketi barazani, twasema, “Hana neno huyu.” Kumbe chini mkondo wapita, pengine wenye nguvu za kumchukua. Wazee walisema, Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mtungaji aweza kutufungulia moyo wa Septimus au wa Kazimoto, maana yeye ndiye aliyewaumba kwa kalamu. Moyo wa jirani hatuwezi kuufungua hivyo. Njia tuliyo nayo ni kuuliza kwa upole, na kungoja jibu bila haraka, wala tusimwambie mwenye taabu ya kuwa hana kitu. Na kama mawazo yake yamwelekea kufa, tusimwache peke yake. Tumpeleke hospitali upesi, maana hiyo ni hatari kama ugonjwa mwingine.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

1. Kwa nini James alichagua mfano wa mto, akaukataa ule wa mnyororo?
2. Daktari wa Septimus alikosa neno gani?
3. Katika nyumba zetu, ni nani anyamazaye siku hizi, nasi hatujamwuliza?