Dubu Mmoja, Wanyama Wawili: Kufasiri Maonyo ya Usalama Kambini

Neno dubu liliingia Kiswahili kutoka Kiarabu bila kufuatana na mnyama mwenyewe. Kusini mwa Sahara hakuna dubu wa porini, na wale wa milima ya Atlas, Afrika Kaskazini, walitoweka katika karne ya 19. Aghalabu mzungumzaji wa Kiswahili amemjua dubu kwa picha na kwa ngano tu, na upungufu huo haukumdhuru. Hata hivyo, kuanzia 2016 mji wa Missoula, jimboni Montana, Marekani, ulianza kupokea wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wakiwa wazungumzaji wa Kiswahili. Milima inayouzunguka mji huo ina dubu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi maonyo ya usalama kambini yanavyoweza kumponza msomaji yakifasiriwa ovyo.

Kanuni iliyo mama ya zote inahusu chakula. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1967, katika Mbuga ya Taifa ya Glacier huko Montana, wasichana wawili wenye umri wa miaka 19 waliuawa na dubu wawili tofauti, katika kambi mbili zilizo mbali baina yao. Karibu na kambi moja, makombo yalikuwa yakitupwa nje ili wageni watazame dubu wakila. Katika nyingine, dubu alikuwa amezoea kuvamia kambi kutafuta chakula. Baada ya mkasa huo, kanuni za chakula na takataka zilikazwa.

Sasa, neno chakula kwa askari wa mbuga halina mipaka ya neno hilo katika Kiswahili. Yeye hujumuisha dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujipaka, sufuria chafu na takataka. Msomaji akiambiwa "usiweke chakula hemani" atautoa mkate na kubaki na sabuni yake mtoni. Afadhali mfasiri aandike "kila kitu chenye harufu". Vitu hivyo hufungiwa ndani ya kopo gumu lisilovunjika kwa meno, au huning'inizwa mtini, angalau mita 3 kutoka ardhini na mita 1.2 kutoka kwenye shina. Mahali pa kupikia na pa kuhifadhi vitu hivyo panafaa kuwa kiasi cha mita 100 kutoka hemani.

Vitenzi navyo vina mitego yake. "Rudi nyuma" yaweza kueleweka kuwa geuka urudi ulikotoka, ilhali anayekutana na dubu hatakiwi kumpa kisogo. Kiswahili kina neno barabara la hali hiyo: kwenda kinyumenyume, polepole, macho yakiwa kwa mnyama. Vivyo hivyo, "tulia" huweza kuchukuliwa kuwa nyamaza, kumbe inatakiwa kusema naye kwa sauti ya chini ili atambue kwamba aliye mbele yake ni binadamu. Amri isiyo na utata ni "usikimbie". Dubu hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa.

Hatari zaidi ni jina la kopo la pilipili ya kupuliza. Mfasiri mwenye haraka ataliita "dawa ya dubu" kwa kufuata mfano wa dawa ya mbu. Msomaji naye, kwa mantiki ileile, ataipuliza hemani na nguoni kabla ya kulala. Pilipili hiyo hupulizwa usoni mwa dubu anayeshambulia, akiwa umbali wa mita 9 hivi. Ikishakauka kwenye hema, harufu yake huweza hata kumvutia. Jina "pilipili ya kumpulizia dubu" ni refu, lakini linajieleza.

Linabaki neno dubu lenyewe. Montana ina aina mbili, na rangi haitoshi kuzitofautisha, kwa kuwa hata wale waitwao weusi wapo wenye manyoya ya kahawia. Kitambulisho bora ni nundu begani, pamoja na kucha ndefu na uso uliobonyea. Maadamu wafugaji wanaijua nundu ya ng'ombe, istilahi "dubu-nundu" ingefaa kumtenga huyo mkali na dubu mweusi asiye na nundu.

Utengano huo si wa kitaaluma tu. Dubu-nundu anayejihami akimgusa mtu, mtu huyo hulala kifudifudi, begi mgongoni, vidole vikiwa vimeshikana nyuma ya shingo, miguu ikiwa imetanuliwa ili asigeuzwe, na hatikisiki mpaka mnyama aondoke. Kwa dubu mweusi anayeshambulia, kulala hivyo ni kujitoa mhanga. Anapaswa kupigwa usoni na puani kwa chochote kilicho karibu. Ngano inayonasibishwa na Esopo, ya marafiki wawili na dubu, humsifu aliyejifanya maiti bila kusema dubu yule alikuwa wa aina gani. Rafiki yake aliyepanda mti naye hakuwa salama kama inavyodhaniwa, kwani dubu weusi ni wapandaji hodari.

Mfasiri asisahau jambo jingine: dubu anayeingia hemani usiku, au anayemnyemelea mtu kama windo, hupigwa kwa nguvu zote, awe na nundu au asiwe nayo.